Tarehe Iliyobandikwa Juu ya Kitanda Changu

Maji yalifika chini ya kitanda changu tarehe kumi na nne mwezi wa tano, asubuhi, nikitafuta kiatu.

Niliteremsha mguu nikakanyaga baridi. Nikaangalia chini.

Ziwa.

Si mvua. Si paipu imepasuka. Ziwa Naivasha lenyewe, limeingia bila kubisha, linasukuma kandambili zangu polepole kuelekea kona.

Hilo halikunishangaza. Kwetu Karagita ziwa limemeza vyumba vingi kabla ya changu.

La kushangaza lilikuwa ukutani, juu ya mto wangu. Kipande cha kartoni nilichokipigilia misumari miwili mwezi wa kwanza. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu aliyesoma:

"Mlango wa mzee Sitati: 14 Mei."

Jirani yangu Eucabeth, mama anayeuza dagaa wa omena pale kwa lami, aliingia na gumboot kunisaidia kutoa vitu. Akaiona ile kartoni. Akasimama na sufuria yangu mkononi.

"Mzee, nani alikuandikia hii kitu?"

"Msichana mmoja."

"Mganga?"

"Hapana. Mtu wa hesabu."

"Ai! Basi huyo saa hii ni mkubwa mahali."

"Alifeli," nikamwambia. "Na mimi ndiye nilimfelisha."

Eucabeth alicheka akidhani natania. Sikuwa natania. Niliifanya hiyo kazi kwa mikono yangu mwenyewe, na niliifanya vizuri sana. Hapo ndipo shida iko.

Mimi ni mtu wa fensi.

Shule nilisoma vipande vipande. Vitatu Kimilili, kimoja Turbo, nusu kingine Eldama Ravine mpaka mwalimu akahama na mimi nikahama. Tangu hapo sijakaa mahali nikachoka napo. Nimechimba mashimo ya nguzo kutoka Longonot mpaka Gilgil, Subukia, Rongai, Solai. Kuna ng'ombe wengi Rift Valley hawajui jina langu lakini mimi ndiye niliwafungia.

Mtu wa fensi ana sheria moja. Nguzo ikilegea, hungoji kuambiwa. Unaing'oa, unaisogeza penye udongo mgumu, unaishindilia mawe, unaenda zako. Ukimsumbua mwenye shamba kwa kila nguzo, atatafuta mtu mwingine anayejua kazi.

Shikeni hiyo sheria. Ndiyo kisa chote.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, msichana alikuja ufuoni na nguzo begani. Mrefu, mwembamba, miwani, buti za mpira zimejaa tope. Nguzo yenyewe ilikuwa nyeupe, imechorwa alama na namba kama rula ya watoto.

Nilimwangalia akijaribu kuchimba shimo kwa mwiko wa ujenzi. Nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, lete hapa. Utaumia mgongo bure."

"Mimi si daktari, mzee. Bado."

"Lakini utakuwa?"

Akacheka. "Nikimaliza hii na ile inafuata, ndio."

Jina lake Cheptanui. Mama yake analima viazi Molo. Alikuwa anasoma masters Nakuru, kitu kinaitwa mathematical modelling. Nikamuuliza hiyo ni dawa ya nini.

"Ni kutengeneza ziwa la hesabu, mzee. Hili la maji huwezi kulipeleka mwaka ujao ukaangalia litafika wapi. La hesabu unaweza."

"Na nguzo ni ya nini?"

"Hesabu haijui ziwa. Lazima kila siku mtu aiambie maji yako wapi."

Kulikuwa na kipimo cha zamani pale, kilizama maji yalipopanda, hakuna aliyekiona tena. Kwa hiyo alitaka cha kwake. Na alitaka mtu wa kukisoma kila asubuhi na kumtumia namba kwa meseji.

Mtu huyo nikawa mimi.

Siku ile alikuja pia na kifaa cha miguu mitatu, akachungulia, akalinganisha nguzo na jiwe la kona ya kanisa, hatua tatu kutoka mlango wangu. Akasema atarudi nacho kulinganisha tena. Kifaa hicho kilikuwa cha chuo, na chuoni kilikuwa na foleni.

Alipokuwa anafunga begi alinionyesha alama. Maji yalikuwa yanagusa thelathini.

"Hii ndiyo mwanzo wetu, mzee. Thelathini."

Nikaiweka hiyo namba kichwani kama jina la mtoto.

Alikuwa anaongea vizuri, huyo msichana. Hakunidharau. Aliniambia hesabu yake ikishaiva ataipeleka kwa kompyuta ya quantum.

"Iko Nakuru?"

"Iko ng'ambo. Ndani yake ni baridi kushinda barafu, kushinda kitu chochote unajua. Mimi natuma swali kwa mtandao, napanga foleni, najibiwa."

"Na inashinda hii ya kawaida na nini?"

Alifikiria. "Watu wanaisifu sana. Kwa mambo mengi haishindi. Lakini kuna kitu kimoja inajua. Kukiwa na fujo nyingi, na ndani ya fujo kuna kitu kinajirudia, inakisikia."

"Kama kusikia mguu wa mtu mmoja anayechechemea katikati ya soko."

Akaniangalia. "Mzee, hiyo nitaandika."

Alikuwa ameahidiwa nafasi Uholanzi. PhD ya hizo kompyuta. Sharti lilikuwa moja: asimame mbele ya wakubwa wa chuo na kutetea kazi yake kabla mwezi wa kumi na moja kuisha, apite. Miaka ya chuo ya kumaliza masters ilikuwa inamwishia mwezi huo huo. Akikosa hapo, amekosa kote.

"Kila kitu kiko kwa hii nguzo," aliniambia.

Nikamwambia alale vizuri. Nguzo imepata mtu.

Na kweli sikukosa hata siku moja. Muulizeni yeyote. Mvua, jua, viboko, mimi niko pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikisoma namba. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili.

Sasa, viboko.

Kiboko akipata nguzo anajikuna. Wiki ya pili nikakuta nguzo imeinama, na udongo chini umekuwa uji. Ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwa na safari. Kila Jumamosi ya pili, moja nakaa moja natoka, mimi huenda Longonot kumwona Ogola, mzee tuliyefanya naye kazi ya reli. Naondoka asubuhi, nalala kwake, Jumapili alfajiri narudi kusoma nguzo. Miguu yangu ikikaa zaidi ya hapo inawasha.

Nikajiuliza: nikiiacha hivi, ikianguka nikiwa Longonot?

Nikafanya kazi yangu. Nikaing'oa. Nikaisogeza hatua chache penye udongo mgumu. Nikashindilia mawe. Halafu, kwa sababu mimi si mjinga, nikahakikisha maji yanagusa thelathini. Ile ile aliyoniachia. Nilijua nikiharibu mwanzo wake nimeharibu kazi.

Jumamosi ya pili ilipofika maji yalikuwa yamepanda vidole vinne, udongo umelainika tena. Nikasogeza. Thelathini.

Na tena. Na tena.

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshindilia nguzo mawe?

Mwezi wa saba alikuja. Kiboko alikuwa amelala nyasini kati yetu na maji, hatukuweza kushuka. Tukasimama juu, tukaangalia nguzo kwa mbali. Nyeupe, imenyooka.

"Imesimama vizuri," akasema.

Nilijisikia vizuri wiki nzima.

Mwezi wa tisa akapiga simu. Anapiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni.

"Mzee! Ziwa linapumua!"

"Linafanya nini?"

"Linapumua! Haliendi popote tena, mzee. Linapanda kidogo, linashuka, linapanda kidogo, linashuka. Kila siku kumi na nne. Kompyuta ya kawaida iliona kitu, nikadhani ni upepo. Quantum imekishika wazi kabisa. Siku kumi na nne bila kukosa! Hakuna mtu ameandika hii kitu kabla yangu!"

Nilienda ufuoni nikaliangalia ziwa kwa heshima mpya. Nimeishi kando yake miaka minne, sikujua lina mapafu.

Mnaniona mjinga. Sawa. Lakini jiulizeni: mtu amesoma, kompyuta imesoma, mimi wa darasa la vipande nitasema nini?

Aliniomba niende Nakuru siku ya kutetea. "Wewe ndiye data yangu, mzee. Nataka wakuone." Eucabeth alinipigia koti pasi, akaniambia nisikohoe mbele ya maprofesa.

Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya plastiki, watu kama kumi na watano. Cheptanui alivaa suti ya bluu iliyomkaa kubwa mabegani. Nilisikia baadaye ilikuwa ya dadake. Aliongea nusu saa. Sikuelewa hata robo, lakini alipoonyesha ule mchoro wa mawimbi, juu chini, juu chini, nikajua hizo ni namba zangu, nikakaa wima.

Mkubwa mmoja pale mbele, Dokta Owuor, mzee wa upara na sauti ya taratibu, akaondoa miwani.

"Siku kumi na nne. Si kumi na tatu, si kumi na tano?"

"Kumi na nne kamili, daktari."

"Nimeangalia tarehe zako. Linashuka kila mara Jumamosi. Hili ziwa lina kalenda?"

Watu wakacheka kidogo.

"Ama ni Msabato?" mwingine akaongeza. Wakacheka zaidi.

Cheptanui akatabasamu. Nikaona mkono wake umeshika meza.

Owuor akaweka picha mbili ukutani. Zimepigwa kutoka angani, mwezi wa kwanza na mwezi wa tisa. Hata mimi niliona. Barabara ya kwenda kwa mashua ilikuwa kwenye ya kwanza, kwenye ya pili hakuna.

"Kwa namba zako ziwa halijaenda popote. Hii ni nini?"

"Niliiona, daktari. Nikadhani ni magugu yanayoelea, yanadanganya picha. Niliamini kipimo cha ardhini."

"Ulirudi kulinganisha nguzo na lile jiwe?"

"Kifaa kilikuwa na foleni, daktari. Lakini nina mtu pale kila siku. Hajakosa hata asubuhi moja. Yuko hapa."

Watu wote wakageuka.

Owuor akaniuliza kwa heshima, siwezi kusema vingine. "Mzee wangu, karibu. Hebu tusaidie. Jumamosi ya pili huwa kunatokea nini pale?"

Niliona wamembana msichana wangu. Niliona hapa ndipo naweza kumwokoa. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Hakuna kitu hutokea, daktari. Kila kitu kiko salama. Jumamosi ndiyo nasogeza nguzo."

"Unaisogeza?"

"Kila Jumamosi ya pili. Udongo ukilainika naipeleka penye ugumu, napiga mawe. Na sijawahi kuharibu mwanzo. Kila mara nairudisha thelathini."

Hakuna aliyecheka.

Nilimwangalia Cheptanui nikitegemea ataniinamishia kichwa, asante mzee. Alikuwa anaangalia ule mchoro wake ukutani. Juu chini, juu chini.

Halafu na mimi nikauona.

Yule mtu anayechechemea katikati ya soko. Ile mashine ya baridi ilikuwa imetafuta kwenye fujo yote, ikasikia mguu mmoja unajirudia.

Mguu wangu. Nikienda Longonot.

Walimtoa nje, wakaongea, wakamrudisha ndani. Arudie vipimo vya mwaka mzima. Akasema hana mwaka. Wakasema wanajua. Owuor mwenyewe hakuinua macho.

Nje kwenye ngazi nilimkuta amekaa, viatu vya dadake pembeni.

"Nitukane," nikamwambia.

"Mzee, hukujua."

"Nitukane hata kidogo."

"Ni mimi sikurudi na kifaa. Na uliponiambia namba, nilipenda vile zilikuwa zinapendeza." Akavaa viatu. "Nenda nyumbani. Umeacha nguzo peke yake."

Basi. Nafasi ya Uholanzi alipewa mtu mwingine. Jina lake chuoni likatolewa.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimesimama kando ya lami, shifti ya shamba la maua inatoka, wanawake mia moja wa makoti ya bluu. Mmoja ana miwani.

Alikuwa amepanga chumba kimoja pale pale Karagita. Kazi yake, kufunga waridi kwenye kartoni.

Nilirudi chumbani nikachukua kalenda yangu ya kanisa. Safari za Ogola huwa naziwekea msalaba. Mpaka siku ya Nakuru, Jumamosi kumi na nane. Nikampelekea mlangoni kwake.

"Hizi ndizo siku nilisogeza. Zote. Unaweza kurekebisha?"

Aliipitia kwa kidole, msalaba mmoja baada ya mwingine.

"Ningeweza hata bila hii," akasema. "Nilijua siku ile pale ukumbini. Kila mahali inashuka, unairudishia kile ilipoteza. Ni kujumlisha tu."

"Basi rekebisha! Wapelekee!"

"Watasema data imerekebishwa na kumbukumbu ya mzee wa fensi. Na watakuwa na haki." Akanirudishia kalenda. "Na mimi si mwanafunzi, mzee. Nikigonga mlango pale ni mgeni."

Wiki mbili baadaye, ndiyo mwezi wa kwanza, Cheptanui akanipata penye kibanda cha omena cha Eucabeth, mwenyewe akiwa ameshafunga na kwenda zake. Akatoa ile kartoni kwenye mfuko wa koti.

"Hama kabla ya hii tarehe."

Sikuhama. Mimi niliyehama maisha yangu yote. Hebu fikirieni. Nilibandika ile kitu ukutani na nikakaa chini yake miezi minne nikingoja, kama mtu aliyehukumiwa. Nilikuwa na wazo la kijinga: kwamba nikihama nitakuwa nimesogeza nguzo tena.

Maji yakaja siku yenyewe.

Nikaacha Eucabeth na masufuria, nikaenda na suruali iliyolowa mpaka geti la maua, nikangoja saa ya chakula. Akatoka na bakuli la githeri.

"Daktari," nikamwambia. "Maji yamefika. Leo. Tarehe yenyewe!"

Akaacha kutafuna.

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Yako vidole viwili ndani."

Nikaona midomo yake ikipiga hesabu. Kwa dakika moja hivi alikuwa yule msichana wa nguzo begani. Halafu ikapita.

"Ile mashine ni kali," nikasema. "Mwishowe ilisema kweli. Twende Nakuru, nitasimama tena, nitawaambia..."

"Mashine gani?"

"Ya quantum."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na kitu ndani.

"Mzee, ile walinifungia siku walitoa jina langu. Hiyo tarehe niliipiga kwa kalamu, wakati wa chai, nyuma ya kartoni ya maua. Vidole vyako vinne kila wiki mbili, mpaka jiwe la kanisa. Mtoto wa darasa la tano angeweza."

Ndilo darasa nililoishia.

"Na si kwamba ilijua siku. Hesabu yangu ilikuwa na wiki mbili huku na wiki mbili huku. Kugonga Mei kumi na nne yenyewe ni bahati tu." Akakoroga githeri. "Bahati yangu ya kwanza tangu nianze shule. Na imeenda kwa kitanda chako."

Kengele ikalia. Akafunika bakuli.

"Haya maua naweka leo yatakuwa Uholanzi kesho," akasema, akaingia.

Sasa naandika hii nikiwa Longonot kwa Ogola, kwa kidole kimoja, simu imepasuka kioo. Chumba changu kina samaki. Vile Eucabeth ananiambia, kartoni bado iko ukutani, maji yako chini yake kidogo.

Mtaniuliza somo ni nini. Wengine watasema nisingegusa nguzo. Hapana. Nguzo ingeanguka, ningepaswa kuigusa.

Somo ni hili: ukitengeneza kitu cha mtu, mwambie. Hata kama ni kidogo. Hata kama umekitengeneza vizuri. Ukikitengeneza vizuri ndipo umwambie haraka zaidi, kwa sababu kosa baya litaonekana lenyewe, lakini lile ulilofanya kwa ustadi hakuna atakayeliona mpaka liwe limekula maisha ya mtu.

Ile nguzo nyeupe sikuing'oa. Tangu Nakuru sijaigusa hata kwa kidole. Ilibaki pale pale nilipoishindilia mawe mara ya mwisho, na siku hizi huwezi kuiona, imezama mita nzima.

Imesimama wima. Hiyo nina uhakika.